Mswada Umpe Nani Kwanza? Njia Nne za Waandishi wa Enzi ya Victoria

Riwaya umeimaliza, au diwani imetimia, na mchapishaji bado hajaiona. Kabla ya kumfikia yeye kuna foleni ya watu wanaokwambia "nitumie nisome": rafiki wa chuo, mume au mke, dada yako, kundi la WhatsApp la wapenda fasihi. Wote hawawezi kuwa wa kwanza. Na namna unavyompa mtu mswada ina nguvu kubwa juu ya jibu atakalokupa, pengine kuliko hata huyo mtu mwenyewe ni nani.

Hilo nimelipima kwa waandishi wa Uingereza wa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Walishirikishana sana kazi ambazo hazijachapishwa, kisha wakaandikiana barua juu yake, kwa hiyo tunajua nani alimsomea nani, jioni ipi, na nini kilibadilika baadaye. Tena hali iliwabana. Taipureta haikuenea hadi karne ile inakaribia kwisha. Mswada ulikuwa mrundo mmoja wa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na kunakili riwaya nzima upya ni kazi ya wiki na wiki. Ukimpa mtu, umempa kweli. Sisi wenye faili kwenye simu tunajiona tumelikwepa tatizo hilo, lakini wao walichoogopa ni mswada kupotea, na sisi tunaogopa usambae kabla ya wakati wake.

Njia ni nne, na nitazipima kwa vigezo vilevile. *Maoni*: unarudishiwa nini hasa, machozi, makofi, au penseli pembeni mwa ukurasa. *Usalama*: ni rahisi kiasi gani mswada kupotea, kuungua au kuvuja. *Kalamu*: mwishoni nani anaamua kinachobaki na kinachofutwa. *Urafiki*: mkishamaliza, bado mnatembeleana? Baada ya hapo nitasema njia inamfaa nani.

1. Kuwasomea marafiki kwa sauti

Mwaka 1844 Charles Dickens alikuwa amehamia Genoa, Italia, pamoja na familia yake. Huko akaandika The Chimes, hadithi ya msimu wa Krismasi juu ya maskini wa London, na alipoimaliza akashindwa kutulia. Akavuka Ulaya kwenye baridi ya Novemba hadi London, kwenda kukagua prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya chapa, na zaidi ya hapo kuwasomea marafiki kabla kitabu hakijatoka. Alianza na mwigizaji William Macready, kisha akamwandikia mkewe Catherine, kwa fahari isiyofichika, kwamba Macready alilia kwenye sofa waziwazi. Jioni ya tarehe 3 Desemba wakakusanyika watu wapatao kumi kwa rafiki yake John Forster, mtaa wa Lincoln's Inn Fields. Mwanahistoria Thomas Carlyle alikuwepo. Mchoraji Daniel Maclise naye alikuwepo, na mchoro wake wa kikao kile upo mpaka leo: Dickens amekaa mezani anasoma, miale ya nuru imemzunguka kichwa kama walii, na watu wazima wengine wamezidiwa na machozi.

*Maoni.* Sauti inakupa kile ambacho barua haiwezi: unaona palepale wapi wamecheka, wapi wametulia tuli, wapi wameanza kutazama viatu vyao. Kasoro yake ni kwamba msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma, na sentensi iliyolegea hubebwa na msomaji hodari. Dickens alikuwa mwigizaji wa kweli. Angeweza kukuliza kwa orodha ya nguo za dobi. Tazama pia tarehe. Kitabu kilitoka katikati ya Desemba, wiki mbili hivi baada ya kikao. Hakukuwa na nafasi ya kubomoa kitu. Marekebisho yenye uzito yalikuwa yameshafanyika kabla, kwa njia nyingine kabisa: Dickens alikuwa akimtumia Forster hadithi ile kipande kwa kipande kutoka Genoa, na Forster ndiye aliyemshawishi aondoe mhusika mmoja aliyekuwa kejeli kwa kundi fulani la wanasiasa vijana. Kile kikao cha Desemba kilikuwa cha kuonja nguvu ya hadithi iliyokwisha kamilika.

Kuna jioni nyingine inayofaa kukumbukwa, Septemba 1855, nyumbani kwa washairi Robert na Elizabeth Browning, mume na mke, walipokuwa wamepanga London. Mshairi Alfred Tennyson alisoma shairi lake Maud, ambayo tayari ilikuwa madukani. Robert Browning akasoma Fra Lippo Lippi, ambayo ingetoka miezi miwili baadaye. Mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti alikuwa pembeni akimchora Tennyson bila mwenyewe kujua. Elizabeth aliandika kwamba Tennyson alikuwa akikatiza usomaji ili asifie mistari yake mwenyewe, kwa moyo safi kama mtoto. Sasa mtu wa namna hiyo nani ataanza kumwambia kwamba ubeti wa nne haukukaa sawa?

*Usalama.* Hapa njia hii haina mpinzani. Karatasi hazitoki mkononi mwako. Unaingia nazo, unatoka nazo.

*Kalamu.* Ni yako asilimia mia.

*Urafiki.* Haudhuriki, ila kwa yule ambaye hakualikwa.

Inamfaa mwandishi wa mashairi, tamthilia, au hadithi inayotegemea masimulizi, yaani kazi ambayo sikio ndilo hakimu wake. Inamfaa pia aliyekata tamaa na anahitaji kuona nyuso. Anayetaka kujua kwa nini sura ya 14 inachosha asijisumbue nayo.

2. Kumkabidhi rafiki mmoja

Forster ndiye mfano mkubwa. Alikuwa mhakiki, mhariri, mtu wa sauti nene na msimamo mgumu, na kuanzia 1837 hakuna alichoandika Dickens ambacho Forster hakukiona kabla ya umma, kiwe mswada au prufu. Miaka zaidi ya thelathini. Uhusiano wa namna hiyo haujengwi kwa kutuma faili na ujumbe wa "naomba maoni yako ya haraka".

*Maoni.* Ndiyo njia inayoleta maoni mazito kuliko zote, kwa sababu mtu anasoma peke yake, kwa wakati wake, akiwa na penseli. Lakini uzito huo huelekea pale anapoelekea yeye. Mwaka 1861 Dickens alikuwa anamalizia Great Expectations, iliyokuwa ikitoka kwa wiki kwenye gazeti lake. Katika mwisho wa awali, wahusika wakuu, Pip na Estella, wanakutana kwa muda mfupi barabarani London na kila mmoja anakwenda zake. Safari hii Dickens akazipeleka prufu kwa rafiki mwingine, mwandishi wa riwaya Edward Bulwer-Lytton. Naye akamsihi abadilishe. Dickens akaandika mwisho mpya wenye matumaini, ndio tunaousoma leo. Forster hakuupenda; aliona ule wa kwanza unaendana zaidi na hadithi, na Dickens alipofariki akauchapisha kwenye kitabu cha maisha yake. Wahakiki wanabishana hadi sasa. Marafiki wawili, wote wanaipenda kazi, wote wana akili, na wanakupeleka pande mbili. Ukichagua msomaji mmoja, fahamu kwamba umechagua pia ladha yake.

*Usalama.* Hapa ndipo palipowaka moto, na sitanii. Machi 1835, miaka miwili kabla Victoria hajashika kiti, Carlyle alikuwa amemwazima rafiki yake, mwanafalsafa John Stuart Mill, mswada wa juzuu ya kwanza ya historia ya Mapinduzi ya Ufaransa. Alikuwa na sababu nzuri ya kumpa: Mill aliijua mada ile na alikuwa amemwazima vitabu vingi vya kufanyia utafiti. Nakala ilikuwa hiyohiyo moja, na maelezo aliyofanyia kazi Carlyle alikuwa ameyatupa. Usiku mmoja Mill akafika nyumbani kwa Carlyle, Chelsea, amepauka, na habari aliyokuja nayo ni kwamba mswada umeungua. Mtumishi wa ndani aliudhani ni karatasi chakavu. Zilisalia karatasi chache tu. Kazi ya miezi mitano ikawa majivu.

Kinachonishangaza mimi katika kisa kile ni kilichofuata zaidi ya moto wenyewe. Carlyle na mkewe Jane walitumia usiku ule kumliwaza Mill. Alipoondoka, Carlyle alimwambia Jane kwamba maskini Mill ameumia sana, wajitahidi asijue hasara ni kubwa kiasi gani. Mill akatoa pauni 200 za fidia, Carlyle akakubali 100, akakaa na kuandika juzuu ile upya yote kutoka kichwani. Kitabu kilitoka 1837 na kikamjengea jina, huku Mill akiwa miongoni mwa waliokisifu mapema magazetini. Urafiki wao ulipopoa miaka ya baadaye, chanzo kilikuwa siasa.

*Kalamu.* Kwa jina ni yako. Kwa vitendo inategemea unamheshimu rafiki kiasi gani, na hapo ndipo pa kuangalia. Mwaka 1885 padri na mshairi Gerard Manley Hopkins alisoma mswada wa mshairi mwenzake Coventry Patmore uliozungumzia mapenzi ya kimungu kwa lugha ya mahaba. Hopkins akadokeza kwamba kitabu kinatoa nje siri ambazo si za kutolewa. Lilikuwa neno dogo. Krismasi ya 1887 Patmore akauchoma mswada wote kwa mkono wake. Ya Carlyle ilikuwa ajali. Hii ya Patmore inanitisha zaidi, maana iliwashwa na sentensi ya rafiki mpole aliyeheshimiwa mno.

*Urafiki.* Unaweza kuhimili mengi kama pande zote mbili zinajua kazi yao. Huyohuyo Hopkins alikuwa upande wa pili wa meza kwa rafiki yake wa Oxford, Robert Bridges. Alimtumia mashairi yake kwa posta miaka nenda miaka rudi. Posta ilikuwa imekuwa rahisi tangu 1840, ambapo barua nyepesi ilivuka nchi kwa peni moja tu. Shairi linaingia kwenye bahasha ya peni, riwaya haiingii. Ndiyo maana washairi walikuwa na marafiki wa barua na waandishi wa riwaya wakawa na marafiki wa kutembeleana. Shairi refu la Hopkins juu ya meli ya Deutschland iliyozama 1875 lilikataliwa na jarida la shirika lake mwenyewe la Wajesuti. Bridges naye akamwambia hatalisoma tena hata alipwe. Hopkins akamjibu kwamba alisome tu, kwani mbali na pesa kuna upendo.

Bridges hakulipenda lile shairi, lakini hakulitupa. Alibandika karatasi za rafiki yake kwenye albamu, akanakili mashairi kwenye daftari, akampelekea Hopkins asahihishe kwa mkono wake. Hopkins alifariki Dublin mwaka 1889 akiwa karibu hajulikani. Mwaka 1918 Bridges akayachapisha, nakala 750, na sehemu kubwa ya ushairi wa Kiingereza wa karne ya 20 ikabadilika mwendo. Pwani yetu tunamjua mtu wa aina hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, kwa sehemu kubwa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyahifadhi na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza William Taylor, miaka hiyohiyo ya Victoria.

Njia hii inamfaa mwenye kazi ndefu inayohitaji fundi, na mwenye rafiki aliyewahi kumwambia "hapana" wakabaki marafiki. Asiyeweza kutofautisha ushauri na amri aiogope. Na kama unataka maoni juu ya mkondo wa hadithi, mpe mapema. Elizabeth Gaskell alimpelekea Charlotte Brontë mpango wa riwaya yake Ruth mwaka 1852, na Charlotte akauliza, kwa uchungu, kwa nini huyo mwanamke lazima afe. Gaskell hakubadilisha, Ruth anakufa kitabuni. Lakini swali lilikuja wakati lingeweza kujibiwa.

3. Kusomeana nyumbani

Kwenye nyumba ya mchungaji huko Haworth, Yorkshire, utaratibu ulikuwa hivi. Ikifika saa tatu usiku akina dada wanaweka kando ushonaji, wanaanza kutembea sebuleni, kwenda na kurudi, wakizungumza juu ya hadithi zao. Mara moja au mbili kwa wiki kila mmoja anawasomea wengine alichoandika. Katika chumba hicho zilisikika kwa mara ya kwanza kazi za Charlotte, Emily na Anne Brontë.

*Maoni.* Hapa watu wengi watakwambia familia haifai kwa sababu inasifu tu. Akina Brontë hawakusifiana ovyo. Charlotte aliwabishia dada zake kwamba inawezekana kuwa na shujaa wa kike asiye mrembo, na akawaundia Jane Eyre kuthibitisha. Lakini sikiliza alichomwambia Gaskell baadaye: maneno ya dada zake mara chache sana yalimfanya abadilishe kitu. Alikuwa ameshaona anachokiandika. Usomaji ule ulimpa joto la kuendelea, na kumbe ndilo alilolihitaji. Tunajua hivyo kwa sababu lilipozimika alilia. Emily alifariki Desemba 1848, Anne akafuata Mei 1849. Mwaka 1852, akiwa anaandika Villette peke yake, Charlotte alimwambia mchapishaji wake kwamba ana njaa ya kusikia maoni yasiyo yake mwenyewe, na kwamba alikaribia kukata tamaa kwa kukosa mtu wa kumsomea hata mstari mmoja.

Mwenzi wa maisha ni habari nyingine. Marian Evans, aliyekuja kuitwa George Eliot, alikuwa mfasiri na mhariri hodari ambaye hakuamini kwamba anaweza kuandika hadithi. Mwaka 1856 mwenzake George Henry Lewes naye alikuwa na wasiwasi kuhusu jambo moja: je, ataweza kuandika tukio la kuliza? Usiku mmoja akaenda mjini makusudi ili amwachie nafasi. Aliporudi, Marian akamsomea kifo cha Milly, mhusika wa hadithi yake ya kwanza, wakalia wote wawili, na Lewes akambusu akimwambia kwamba huzuni yake ni bora hata kuliko uchekeshaji wake. Lewes ndiye aliyeipeleka hadithi kwa mchapishaji John Blackwood, Edinburgh, akisema ni ya rafiki yake. Blackwood alipoonyesha mashaka kidogo, Lewes akamtahadharisha kwamba mwandishi huyu ni mwepesi kuvunjika moyo. Miaka iliyofuata akawa anamfichia tahakiki mbaya. Je, ni vizuri kumficha mwandishi ukweli? Kwa waandishi wengi nadhani si vizuri. Kwa huyu ilizaa riwaya kubwa ya Middlemarch, kwa hiyo nanyamaza.

*Usalama.* Mswada hautoki nje ya nyumba, lakini ndani ya nyumba hakuna kufuli. Vuli ya 1845 Charlotte alikuta daftari la mashairi ya Emily na akalisoma bila ruhusa. Emily alikasirika vibaya. Ilichukua saa kadhaa kumtuliza na siku kadhaa kumshawishi kwamba mashairi yale yanastahili kuchapwa.

*Kalamu.* Mipaka hufifia. Eliot mwenyewe aliandika kwamba ni Lewes aliyependekeza Dinah aolewe na Adam mwishoni mwa riwaya yake Adam Bede, na wasomaji wapo wasioipenda ndoa ile. Ukiishi na msomaji wako, maoni yake yanaingia hata mezani mkila.

*Urafiki.* Ukikosana na rafiki utamkwepa mtaani. Mkikosana na dada mnalala chumba kimoja. Pamoja na hayo, kutokana na ugomvi wa lile daftari kilizaliwa kitabu cha mashairi cha dada wote watatu, 1846, kwa majina ya bandia na kwa gharama yao wenyewe. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimenunuliwa nakala mbili.

Inamfaa anayeandika kila siku na anayehitaji mtu wa kumsukuma amalize, hasa mwenye nyumba yenye mwandishi mwingine. Haimfai ambaye nyumbani kwake kuandika kunahesabiwa uvivu.

4. Kupiga chapa nakala chache za marafiki

Hii ilikuwa njia ya wenye fedha kiasi na woga mwingi. Tennyson aliandika In Memoriam kwa miaka kama 17 akimwombolezea rafiki yake Arthur Hallam, aliyefariki 1833. Beti zile alikuwa ameziandika kwenye daftari refu jembamba, kama la hesabu za bucha, na mwanzoni mwa 1850 akalisahau kwenye nyumba ya kupanga London. Coventry Patmore, yuleyule wa moto, ndiye aliyekwenda kulitafuta. Alilikuta ndani ya kabati ambamo Tennyson alikuwa akiweka chai, mkate na siagi.

Machi mwaka uleule mchapishaji Edward Moxon akapiga chapa nakala chache za majaribio kwa ajili ya marafiki tu. Emily Sellwood, ambaye uchumba wake na Tennyson ulikuwa umekatika miaka mingi nyuma, aliyasoma mashairi yale kabla ya umma. Juni wakaoana. Sikuahidi matokeo hayo.

*Maoni.* Chapa hubadilisha macho ya msomaji na ya mwandishi pia. Mwandiko wa mkono una sura ya rasimu, na watu huusamehe. Ukurasa uliopigwa chapa hausamehewi. Tennyson alirekebisha na kuongeza: toleo la umma, lililotoka katikati ya 1850, lina vipande visivyokuwemo kwenye lile la majaribio. Rossetti alikwenda mbali zaidi. Mkewe Elizabeth Siddal alipofariki 1862, alimzika na daftari la mashairi yake, nakala pekee ya mengi yake. Oktoba 1869, kwa ridhaa yake lakini yeye hayupo, kaburi la Highgate lilifukuliwa usiku na daftari likatolewa, limelowa na kutobolewa na wadudu. Wakati huo tayari alikuwa ameanza kupigisha chapa mashairi kwa siri, na akaendelea toleo baada ya toleo hadi 1870, akiwatumia ndugu yake William Michael na mshairi Swinburne, nao wakimrudishia masahihisho ya neno kwa neno.

*Usalama.* Mswada haupotei tena, maana nakala ni nyingi. Hatari inahamia kwenye kuvuja.

*Kalamu.* Inabaki kwako, kwa kuwa unapokea maoni ya watu wengi na hakuna mmoja anayekutawala. Gharama yake ni kwamba unaweza kurekebisha bila kikomo. Rossetti nusura asimalize.

*Urafiki.* Hapa pana mtego. Rossetti alihakikisha kwamba kitabu kikitoka, marafiki waliokisoma kabla ndio watakaokiandikia tahakiki. Swinburne akakisifu hadi mbinguni, William Morris naye akaandika. Mwaka 1871 mhakiki Robert Buchanan, kwa jina la bandia, akawashambulia Rossetti na wenzake, na mojawapo ya mashtaka yake lilikuwa hilo la kusifiana wenyewe kwa wenyewe. Rossetti hakupona kabisa na pigo lile.

Inamfaa mwenye kazi iliyokaribia kukamilika, hasa diwani ambayo mpangilio wa mashairi ni muhimu, na mwenye wasomaji watano au sita wa aina tofauti. Siku hizi si ghali: stesheneri yoyote itakuprintia na kubaindi nakala sita. Rasimu ya kwanza usiipeleke huko.

Kwa hali yako

Kama mswada haujafika nusu na unahisi unaishiwa nguvu, usitafute mkosoaji. Tafuta mtu wa kumsomea kila wiki, wa nyumbani au wa karibu, na mkubaliane kwamba kazi yake ni kusikiliza.

Kama rasimu imekamilika na wewe mwenyewe hujui kama hadithi inasimama, mpe rafiki mmoja mwenye penseli. Mwambie unachotaka kujua. Muulize mapema kama anaweza kusoma ndani ya mwezi. Na ukipokea maoni yake, yaache yalale siku kadhaa kabla hujagusa mwisho wa kitabu.

Kama umepata wasomaji wawili na wanapingana kama Forster na Bulwer-Lytton, hifadhi matoleo yote mawili. Dickens alibadilisha, lakini mwisho wa kwanza haukupotea.

Kama ni mashairi, au tamthilia, au unakwenda kusoma jukwaani, ita watu wanne sebuleni usome kwa sauti. Mpe mmoja wao nakala afuatilie kwa macho, ili apatikane mtu mmoja ambaye sauti yako haitamlaghai.

Kama unaandika juu ya msiba, ndoa au imani, jambo ambalo bado ni bichi, usimpe kwanza mtu ambaye neno lake moja linaweza kukufanya uchome. Mpe wa pili au wa tatu kwa heshima moyoni mwako.

Kama kazi imekwisha na kilichobaki ni kujua inasomekaje kama kitabu, toa nakala chache, andika jina la mpokeaji kwenye kila moja, na baadaye uzikusanye zote. Waliokusomea kabla uwaombe wasikuandikie tahakiki.

Na kwa njia yoyote utakayochagua kati ya hizi, faili ibaki kwako kwenye sehemu mbili, mojawapo iwe nje ya simu.